Kupima Shinikizo la Damu ni Kinga
Wengi wa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakihudumiwa na shirika la TASO mjini Jinja na Mbale, sasa wanaufikia uzee. Hayo ni matunda ya dawa zilizoanza kutolewa bure nchini Uganda mwaka 2004. Lakini umri huo huandamana na hatari ya kiharusi. Virusi, hata vikidhibitiwa, huidhuru mishipa ya damu polepole. Shinikizo la damu likipanda, mshipa wa ubongo huweza kuziba au kupasuka. Haina budi ieleweke kwamba kuacha dawa huzidisha hatari hiyo. Kinachotakiwa ni kupima shinikizo kila siku ya kuchukua dawa. Na mdomo ukipinda ghafula, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, wala kusingojewe kupambazuke.