Nyumba Haionekani Yote kwa Simu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, tuliketi na wanawake wawili katika shauri la nyumba moja ya Majengo, mjini Mombasa. Wa kwanza ni dada aliyefanya kazi za nyumbani Saudia kwa miaka minne. Wa pili ni mjane aliyekaa eda ndani ya nyumba hiyo, na hana kwingine pa kwenda. Dada alikuwa ameinunua nyumba. Mjane hakujua kuwa imeuzwa. Hakuna kati yao aliyemdhulumu mwenziwe, na wote wawili walikuwa wakilia.

Kisa kilianza kwa simu. Dada aliliona tangazo katika kundi la WhatsApp, akamwandikia dalali, naye akamtumia video iliyoonyesha daka, ukumbi, vyumba na ua. Chumba kimoja mlango wake ulikuwa umefungwa; dalali akasema ni stoo. Akamwambia pia kuwa wateja wengine watatu wanaingoja, basi afanye hima atoe arubuni. Dada akawa anatuma kila mshahara ulipoingia, moja kwa moja kwenye simu ya dalali, hadi thamani yote ikatimia. Aliporudi na kubisha hodi, aliyemfungulia ni mjane, na kile kilichoitwa stoo ndicho chumba anacholala.

Wako watakaosema kuwa simu ndiyo iliyoharibu mambo. Sisi hatusemi hivyo. Zamani nyumba iliuzwa barazani. Dalali alijulikana yeye na babake, na jirani alijua marehemu ameacha watoto wangapi. Lakini barazani hapo mwanamke hakuketi. Mara nyingi aliambiwa habari ya nyumba baada ya kuuzwa, na fungu lake akapewa kwa makadirio ya kakake. Leo binti aliye Riyadh aweza kulinganisha bei za Kisauni na za Likoni, na kuzungumza na warithi wote kwa wakati mmoja. Simu imempa nafasi ambayo baraza ilimnyima. Ilichoondoa ni mashahidi, na hao ndio tunaopaswa kuwarudisha.

Dini yetu haikukataza mkataba wa mbali. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah Machi 1990, ilikubali mikataba ifungwayo kwa maandishi na vyombo vya mawasiliano baina ya watu walio mbalimbali, ikaitoa ndoa kwa kuwa sharti lake ni mashahidi. Lakini kufunga mkataba ni jambo moja, na kukijua kinachouzwa ni jambo jingine. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu mashuhuri cha madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa haisihi kuuziana kitu ambacho mmoja wa wenye kuuziana hajakiona. Wafafanuzi wakaeleza kuwa nyumba huonwa vyumba vyake, dari, paa, kuta, mahali pa kuogea, hata shimo la maji machafu. Wenzetu wa Hanafi wameruhusu kununua kisichoonwa, ila wakampa mnunuzi hiari ya kuvunja mauzo atakapokiona.

Video ya dalali yaonyesha anachotaka dalali kionekane. Kwa rai yetu, hiyo haijatimiza sharti la kuona. Lau mlango ule mmoja ungefunguliwa, mauzo yangesimama papo hapo.

Tena kuna la mirathi. Muuzaji alikuwa mwana wa kiume pekee wa marehemu, na kwa hilo akajiona ndiye mwenye nyumba. Marehemu ameacha mjane, mwana mmoja na mabinti watatu. Tuligawanya mbele yao: katika mafungu 40, mjane ana thumni yake, yaani mafungu 5, kila binti ana 7, mwana ana 14. Aliuza 40 hali yake ni 14. Mafungu 26 yalikuwa ya wanawake wanne ambao hakuna aliyewauliza.

La tatu ni ardhi. Nyumba nyingi za Mombasa ni zile tuziitazo nyumba bila ardhi: kuta ni za huyu, kiwanja ni cha yule, na mwenye kuta hulipa kodi ya kiwanja. Hilo halionekani katika picha yoyote. Dada alidhani amenunua vyote viwili, kumbe alikuwa ameuziwa kuta.

Basi afanyeje anayetaka kununua akiwa mbali? Kwanza, aweke wakili wake mwenyewe, mtu amwaminiye asiyelipwa na dalali, aende kwa miguu. Ampigie simu ya video akiwa humo ndani, amwamuru afungue kila mlango, na awaulize majirani ni nani wanaoishi humo.

Pili, aombe uchunguzi rasmi wa hati miliki. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, ukaanzia Nairobi, kisha ukapanuliwa hatua kwa hatua. Ambapo sajili imekwisha kuingizwa katika mfumo, uchunguzi huombwa kwa intaneti. Kwingineko wakili wake aende afisi ya ardhi. Ikiwa ni nyumba bila ardhi, amtafute mwenye kiwanja amuulize kama amlipwaye kodi ni yeye, na kama kuna malimbikizo.

Tatu, ikiwa mwenye nyumba amefariki, asitoe hata shilingi kabla ya kujua warithi wote na kuona idhini ya mahakama juu ya mirathi. Katiba ya mwaka 2010 imewapa Makadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu walioridhia kwenda kwao.

Nne, ayaandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Sheria ya Mikataba ya Kenya nayo yataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe saini, na saini ishuhudiwe. Tangu mwaka 2020 sheria imekubali pia saini ya kielektroniki, kwa hivyo aliye ughaibuni hana udhuru. Na pesa zipitie kwa mwanasheria, zisiingie katika simu ya dalali.

Katika shauri letu, kilichomwokoa dada ni simu hiyohiyo. Alikuwa hajafuta ujumbe hata mmoja wa M-Pesa, na kila kiasi kilikuwa na tarehe yake. Mbele ya ushahidi huo mwana alikiri, na dalali naye hakuweza kukana. Mauzo yamevunjwa. Dada amerudishiwa sehemu ya mali yake, na iliyobaki imeandikwa kuwa deni, italipwa kila mwezi mbele ya mashahidi. Twamuombea ilipwe yote, kwani miaka minne ya jasho hairudi. Mjane yumo chumbani mwake.

Enyi mama na dada zetu, wenye wana na waume ughaibuni, na ninyi mlio huko wenyewe: kabla ya kutuma, ulizeni ni nani anayelala humo. Na enyi wana wa kiume, mwenye kushika funguo za nyumba ya marehemu ameshika amana za wengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na makazi yenye utulivu. Amin. Wabillahi tawfiq.