Siku ya Mungu na ndoano: tumuache mama tilapia alee

Wandugu wachimbaji, siku ya Mungu wengi wetu tunatoka kwenye mashimo na kushika ndoano, kama kule maziwa ya Mokoto, Masisi, ao kwenye mto Lowa, Walikale. Mujue jambo moja juu ya tilapia. Mama anabeba mayai na watoto ndani ya kinywa karibu wiki 2, na siku hizo hakuli karibu kitu. Ndoano inamupita. Lakini musikitere inamuzoa pamoja na kizazi chote. Baba naye anachimba kiota penye maji mafupi. Matope ya kusafisha koltani yakishuka, yanakifunika. Basi tuchimbe shimo la kutuliza maji machafu, na musikitere ibakie kitandani. Bila hivyo, watoto wetu watajua tomsoni ya kununua tu.