Kabla ya kumpandisha mtoto Shimla

Ujumbe uliniingilia nikiwa kliniki. Mama mmoja, ambaye binti yake wa miaka tisa namhudumia kwa ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita, alikuwa Delhi, India, kwa vipimo. Majibu yangechukua siku kumi, na dereva wa nyumba ya wageni alikuwa ameshampa wazo. “Daktari, kuna mji wa mlimani unaitwa Shimla. Watoto wataona theluji, na hewa ni safi kuliko huu moshi wa hapa. Twende?”

Namwelewa. Delhi mwezi Januari ina ukungu na moshi unaowasha macho, na kukaa chumbani na watoto wawili ukisubiri majibu kunachosha kweli. Isitoshe, Shimla nimefika, nilipokuwa India kwa mafunzo, na sijasahau. Treni ndogo ya kutoka Kalka, iliyoanza kazi mwaka 1903, hupanda kilomita 96 ikipita mahandaki zaidi ya 100. Kila ikiingia gizani abiria hupiga kelele kama watoto, mimi nikiwemo. Huko juu kuna Mall Road, mtaa mrefu usioruhusu magari ya kawaida, kanisa la zamani la Christ Church, na chai ya moto ya maziwa unayokunywa umesimama ukitazama milima mieupe kwa mbali.

Waingereza waliutaka mji huo kwa sababu hiyohiyo ya mama huyu. Kuanzia 1864 serikali yao ya India ilihamia Shimla kila msimu wa joto, na mafaili yake yote, kukimbia jua na homa za bondeni. Kwa hiyo imani kwamba mlima ni dawa ni ya siku nyingi. Kwa aliye mzima sina ubishi nayo.

Ila Shimla iko karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni safi lakini ni nyepesi: kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Dar es Salaam. Mzima ataona tu anahema kwenye ngazi, na Shimla ni mji wa ngazi. Mtoto wa sikoseli ni habari nyingine. Chembe zake nyekundu za damu zikikosa oksijeni ya kutosha hujikunja kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu ya mifupa na kifua yanapoanza. Baridi huchochea hali hiyo. Upungufu wa maji mwilini pia, na mtoto anayetetemeka hakumbuki kunywa maji.

Mama aliuliza swali zuri: “Mbona kwenye ndege hakupata shida?” Ni kweli, ndani ya ndege hewa inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Lakini mle alikaa kwenye kiti, na joto lake, kwa saa chache. Shimla atatembea, atapanda, atalala usiku mzima kwenye baridi. Halafu dereva akifika huko atataka kuwapeleka Kufri, ambako ni juu zaidi, na neno mita halitamtoka mdomoni.

Sikumkatalia. Nilimuuliza mara ya mwisho binti alipata maumivu lini. Wiki tatu zilizopita. Damu aliongezewa lini? Siku chache kabla ya safari. Basi nikamwambia aende kwa daktari anayemtibu huko na amuulize hivi: mita 2,200, baridi ya theluji, zaidi ya saa saba barabarani kwenye kona, je, anaruhusiwa? Ukiuliza tu “tunaweza kwenda matembezi?” utajibiwa ndiyo.

Muulizeni hivyohivyo ninyi mliofanyiwa upasuaji wa moyo au mapafu karibuni, wenye upungufu mkubwa wa damu, na wanaotumia oksijeni. Mwenye pumu asitengane na dawa yake ya kuvuta, kwa kuwa baridi kavu hubana kifua. Wa kisukari na presha iliyotulia wanaweza kwenda, dawa zikiwa kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye buti la gari.

Kuna jambo jingine ambalo dereva halitaji: tumbili. Kwenye kilima cha Jakhu, penye sanamu ya Hanuman yenye urefu wa mita 33, tumbili mmoja alinivua miwani kabla sijageuka. Muuzaji akamrushia kitu cha kula, miwani ikarudi ina alama za meno. Nilicheka, lakini ingekuwa mkono wa mtoto nisingecheka. Tumbili naye anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, usipake tumbaku wala dawa ya kienyeji, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo, hata kama umebakiwa na siku mbili kurudi nyumbani. Katika milima hiyohiyo, Kasauli, kuanzia 1900 kulikuwa na taasisi ya kutibu walioumwa na wanyama wenye kichaa. Wenyeji wanaujua ugonjwa huo muda mrefu.

Daktari wa Delhi alisema hapana. Kaka wa binti, mwenye miaka kumi na miwili, alilia, maana alishawaahidi wenzake shuleni picha za theluji. Mama akawapeleka wote kwenye makumbusho ya reli palepale Delhi, kuna kitreni kinachozungusha watoto. Picha aliyonitumia inamwonyesha binti kwenye behewa la mbele, koti limefungwa hadi shingoni, chupa ya maji mkononi. Kaka yake yuko nyuma, bado amenuna.