Majina ya Wito katika Kiswahili

Majina ya wito, yaani maneno anayoyatumia msemaji kumwita yule anayezungumza naye, hayamtambulishi msikilizaji tu, bali hupima pia umri, ukoo, cheo na ukaribu uliopo baina ya wawili hao. Katika jamii nyingi za Waswahili mtu mzima aliyekwisha kupata mtoto huitwa kwa jina la mtoto huyo, Mama Asha au Baba Juma, na jina lake mwenyewe huachiwa wazazi na watu wa rika lake, hata mdogo anayelitaja hadharani huonekana hana adabu ijapokuwa hakukusudia ubaya.

Siasa nayo iliingilia kati. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, wito wa "ndugu" ulienea Tanzania kwa kiongozi na mkulima vilevile, kwa kuwa ujamaa ulichukia matabaka. "Mheshimiwa" lilirejea kwa nguvu zama za vyama vingi, na wakubwa, yaelekea, hawakulipokea shingo upande.

Katika fasihi, mshairi Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akimwusia binti yake, aliyajenga mawaidha yote juu ya wito wa mama kwa mwana, ndiyo maana hata amri zake husikika kama huruma. Mwandishi Shafi Adam Shafi, katika riwaya yake "Kasri ya Mwinyi Fuad", aliliweka "mwinyi", jina la heshima la mwenye mali, katika anwani yenyewe, hivyo msomaji huonjeshwa utabaka wa Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964 hata hajafungua ukurasa wa kwanza.