Mtoto Aking'atwa: Sabuni na Chanjo Kabla ya Kombe



Ndugu Waislamu, miaka kadhaa iliyopita tuliitwa nyumba moja baada ya swala ya Isha, tumsomee mtoto wa miaka saba. Tuliambiwa ameingiliwa na jini, kwani kila akiletewa maji hupiga kelele na koo humkaza. Kombe lilikwishaandikwa, naye hakuweza kulinywa. Tulipouliza kama aliwahi kung'atwa na mnyama, bibi yake alikumbuka kuwa paka wa jirani alimng'ata kidoleni yapata miezi miwili nyuma. Kidonda kilipakwa mafuta ya taa, kikapona, kikasahauliwa. Tuliwaambia wampeleke hospitali usiku ule ule. Siku ya tatu tulimsalia.

Maradhi yale ni kichaa cha mbwa, na jina hilo limewapoteza wengi. Ni kweli kwamba watu 99 katika kila 100 wanaoambukizwa huyapata kwa mbwa, lakini paka, punda na mbweha nao huugua na kuambukiza. Virusi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jino au kwa mkwaruzo uliolambwa, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ndiyo maana wazazi hawakihusishi kidonda na ugonjwa. Dalili zikishadhihiri, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Lakini polepole hiyo hiyo ni rehema, maana inatoa muda wa kutibu. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, inajulikana kuwa aliyeng'atwa aweza kuokolewa kabla virusi havijafika ubongoni. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali akapate chanjo, na sindano zote alizopangiwa zikamilishwe. Ikiwa jeraha ni baya, daktari ataongeza dawa ya kinga kidondani penyewe.

Hapa panazuka swali tunaloulizwa mara nyingi: je, si tumeamrishwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo? Ndiyo, hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.) inahusu chombo alichoramba mbwa, na wanazuoni wa Kishafii wakaukisia mwili na nguo. Lakini hukumu ile ni ya twahara. Haikuwekwa iwe tiba ya jeraha, na kusugua udongo kwenye nyama iliyochanika ni kumzidishia mtoto madhara. Wako mafakihi, Mahanbali wakiwamo, walioruhusu sabuni ishike nafasi ya udongo. Basi sabuni itangulie. Wala hatupingi ruqya; msomeeni mtoto njiani mkielekea hospitali.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwetu. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazifugi mbwa, tunadhani chanjo ya mbwa haituhusu. Tuitazame Pemba, kisiwa cha Waislamu chenye mbwa wachache. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walichapisha mwaka 2023 utafiti uliofuatilia ugonjwa huu kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020, wakiwahoji waliong'atwa na kuchunguza vinasaba vya virusi. Mbwa walipochanjwa kisiwa kizima kila mwaka, minyororo yote mitano ya maambukizi ilikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegalega, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena mara mbili. Ilibidi mbwa wachanjwe upya, ndipo ukatoweka Oktoba 2018. Sindano ya hospitali humwokoa aliyeng'atwa, lakini maambukizi hukatwa kwa kumchanja mbwa.

Wengine hutoroka kumshika mbwa wakiogopa najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mkono mkavu ukigusa manyoya makavu haunajisiki. Ukiwa na maji, utaoshwa. Imam Malik yeye haoni hata mate yake kuwa najisi. Na tunajua habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya yule aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula.

Kwa hiyo paka wa nyumbani naye apelekwe kwa afisa mifugo, kwani chanjo ni ile ile. Wazee wa misikiti wakipata tarehe ya chanjo ya mtaa, waitangaze baada ya Ijumaa kama wanavyotangaza misiba, na watoto wa madrasa wawashike kamba mbwa wa majirani wasioweza kutembea. Nyumba iliyokosa fedha za sindano tuilipie kwa mfuko wa sadaka siku hiyo hiyo, kabla ya kikao cha kamati.