Kola ya chinchila: faida ya nani?

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wetu hatujapata kumwona, ingawa ngozi yake imevaliwa na matajiri wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 100. Jina lake ni chinchila. Ni mnyama mdogo wa kundi moja na panya na nungu, mwenye masikio ya duara na mkia wa manyoya, na uzito wake ni kama nusu kilo. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kwenye mawe, ukame na baridi kali ya usiku. Ili astahimili baridi hiyo, Mungu amemjalia manyoya mazito ajabu. Pale ambapo kichwani mwa binadamu huota unywele mmoja au miwili, kwake huota 50 na zaidi.

Manyoya hayo ndiyo yaliyomponza. Mwishoni mwa karne ya 19, ngozi zake zilisafirishwa kutoka Chile kwa mamia ya maelfu. Ilipofika mwaka 1910, Argentina, Bolivia, Chile na Peru zilitia saini mkataba wa kumlinda, kwa maana alikwisha adimika. Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, mhandisi wa migodi Mathias Chapman, alichukua chinchila 11 walio hai kutoka Chile akawapeleka California. Huo ndio ukawa mwanzo wa ufugaji wa mnyama huyu kama biashara.

Sasa, wafugaji wakakumbana na tatizo. Chinchila jike ni mkubwa kuliko dume, na ni mkali. Mwenye kufuga sungura hapa kwetu anaijua kanuni: jike ndiye hupelekwa kwenye banda la dume, kwa sababu jike hulinda makazi yake. Kwa chinchila ukali huo umezidi. Jike asiyemtaka dume anaweza kumjeruhi, hata kumuua. Na majike wawili wasiozoeana, ukiwaweka pamoja, hupigana vibaya.

Njia rahisi ilikuwa kumpa kila jike dume wake, wakae wawili wawili. Lakini hebu piga hesabu. Mwenye majike 100 atahitaji madume 100, wote wale, wote wafanyiwe usafi, na kazi ya kila mmoja ni ya dakika chache tu kwa miezi kadhaa. Mfanyabiashara hakubali hesabu ya namna hiyo.

Ndipo ikabuniwa kola. Vizimba hupangwa safu moja, kila kimoja na jike wake. Nyuma ya safu hiyo hupita ujia mwembamba, na kila kizimba kina tundu la kutokea kwenye ujia huo. Kila jike huvishwa shingoni pete pana na nyepesi, ya bati au ya plastiki, ambayo upana wake unazidi upana wa tundu. Akijaribu kutoka, kola inagota. Dume havai kitu. Yeye hupita ujiani apendavyo, akaingia kwa huyu na kutoka kwa yule. Jike akimfukuza, dume huchomoka tunduni, na jike hawezi kumfuata. Kwa mpango huu dume mmoja huhudumia majike wanne, watano, hata zaidi.

Faida yake ni dhahiri. Yule mwenye majike 100 sasa anahitaji madume 20 tu, kama kila dume ana majike watano. Tena anaweza kuchagua madume wenye manyoya bora peke yao, na kila mtoto anayezaliwa baba yake anajulikana. Madume hawauawi, na majike hawafikiani. Mtu akisema kola inazuia damu kumwagika, hasemi uongo.

Lakini shilingi ina pande mbili. Dume akiandamwa ana pa kukimbilia. Je, jike naye akisumbuliwa atakimbilia wapi? Mlango wa dume kwake ni ukuta. Zaidi ya hayo, chinchila hubeba mimba kwa siku 111 hivi, na mara tu baada ya kuzaa huwa tayari kupandwa tena. Tundu likiachwa wazi, dume hurudi siku ile ile, na mama huanza mimba mpya huku ananyonyesha. Hali hiyo ikirudiwa uzazi baada ya uzazi, mwili huchakaa. Kola yenyewe nayo ina madhara yake. Ikibana, hukwangua shingo na kuua manyoya. Ikilegea, mguu wa mbele unaweza kunasa ndani yake. Na kwa kuwa watoto hawavai kola, tundu lililo karibu na sakafu huwapitisha hadi kwa jike wa jirani, ambaye hana huruma na mtoto asiye wake.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, tuseme kweli. Kola imetatua shida ya mfugaji na kumwokoa dume. Gharama yake imebebwa na jike. Anayemvisha anakuwa na deni kwake, na deni hulipwa kwa vitendo: kufunga tundu jike anapokaribia kuzaa na kulifungua pale tu alipokwisha pumzika, kukagua shingo mara kwa mara, kuinua tundu juu ya sakafu, kumpa ubao wa kurukia, kijisanduku cha kujificha na vumbi laini la kuogea, maana chinchila haogi maji. Asiyeweza hayo asifuge.

Wapo wasemao kwamba hata hayo hayatoshi, na nchi kadhaa zimewasikia. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2000 ya kukomesha ufugaji wa wanyama kwa ajili ya manyoya. Romania ilipitisha sheria mwaka 2024 kwamba ufugaji wa chinchila kwa ajili ya manyoya ukome ifikapo mwaka 2027. Na huko Chile, katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1983 karibu na mji wa Illapel, chinchila wa mwituni bado wanaishi miambani, bila kola shingoni.

Sisi hatufugi chinchila, lakini tunafuga kuku, sungura, mbuzi na ng'ombe. Kila chombo tunachowafunga, kiwe kamba, kizimba au pete, kinastahili kuulizwa swali lile lile: kimemwondolea nani taabu, na taabu hiyo amebebeshwa nani? Mfugaji mwenye utu hulijibu swali hilo kabla ya kuhesabu faida.