Jekyll Aliogopa Tu Kuchoma Picha

Manze, form ya Jekyll na Hyde unaijua hata ka hiyo kitabu hujawahi ishika. Daktari mpole wa London anapiga dawa flani, anageuka Hyde, mtaa unawaka. Odijo wetu wa lit alitupigia "wema dhidi ya uovu" term mzima, chaki mkononi, jasho kwa kwapa. Wazae hupenda stori ikiwa na timu mbili tu, ka derby.

Sasa cheki vizuri. Hiyo mechi haikuchezwa. Henry Jekyll ni sonko wa miaka finje, jina kubwa, na raha zake za kando alianza akiwa kijana. Dhambi haimsumbui hivyo. Kuchoma picha ndio humnyima usingizi. So hatafuti dawa ya kuacha, anatafuta ya kujificha. Akiinywa, Hyde anatoka ubaya mtupu, lakini Jekyll hageuki malaika. Anabaki mchanganyiko, ka mimi na wewe. Laini mbili kwa simu moja: ya mathe na ya mbogi.

Hata keja yake iko hivo. Mbele kuna mlango wa kisonko, butler wake Poole anakufungulia. Nyuma kuna mlango umebambuka rangi, hauna kengele, hauna hata kitu ya kubishia. Hapo ndio Hyde hupenyezea.

Usiku mmoja anakanyaga mtoi kwa street na kupita tu. Wasee wanamdaka: toa soo ya pound! Kitabu chenyewe kilitoka 1886 kwa bob moja. Ndio, bob yetu, tuliirithi kwa wabeberu. Pound ilikuwa bob 20, so hiyo faini ingenunua kopi 2,000. Hyde anaingia mlango wa nyuma, anarudi na pound kumi za dhahabu na cheki ya zilizobaki. Na cheki hiyo cheki: imesainiwa na msee wa heshima.

Halafu achana na muvi, Hyde si jitu. Ni kafupi. Jekyll ameishi miaka mob akijibeba fiti, so upande mbaya haujapigishwa tizi. Pamba za daktari zinamlemea: longi amekunja, koti limeteremka, kola imelala mabegani. Leo hiyo ni luku, unalipishwa doh za rent. London ya Victoria? Picha imechomeka hadi fremu.

Stevenson, mwandishi, alizaliwa Edinburgh, mtaa wa Deacon Brodie: mchana fundi wa makabati na diwani, usiku anapora macustomer na funguo za kopi. Alinyongwa 1788. Stevenson akiwa mtoi, kwa bedroom yake kulikuwa na kabati ya huyo jamaa. Sasa ungeota nini?

Noma inaanza asubuhi moja. Jekyll alilala Jekyll. Anafungua macho, anacheki mkono wake juu ya shuka: umekonda, mishipa nje, nywele tele. Na hajakunywa kitu! Tizi imeingia.

Baadaye dawa inakuwa ya kumrudisha Jekyll, na inaisha. Poole anatumwa machemist za London nzima. Kila pakiti akileta anaambiwa rudisha, hii ni chafu. Jekyll anakuja kushtuka akiwa amechelewa: ile stock ya kwanza, yenye iliwork, ndio ilikuwa chafu.